Mkono Ulipofika Sikioni

Tulimzika Shabani kwao Vigwaza baada ya sala ya Adhuhuri, na Mwanaidi hakudondosha chozi. Kwa hilo sikumlaumu. Wapo watu machozi yao huchelewa. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu niliwapikia waombolezaji chai kwanza ndipo nikakumbuka kulia. Kilichonichoma ni mahali alipokaa. Wanawake tulikuwa ndani, mikeka imetandikwa mpaka ukutani, mabinti wa marehemu wamekaa pamoja wamejifunika kanga, na mama yao, Mama Salumu, mke aliyebaki na Shabani mpaka mwisho, akampungia mkono: njoo mwanangu, kaa na wadogo zako. Mwanaidi akainamisha kichwa kwa adabu, akasema hapo alipo panamtosha. Na hapo alipo palikuwa mlangoni, wanapokaa majirani wa mbali waliokuja kutoa pole na kuondoka. Mtoto wa kwanza wa marehemu, mwanamke mtu mzima mwenye wakwe zake, kakaa kwenye msiba wa baba yake kama mpita njia. Nikasema moyoni, lahaula, hapa pana jambo.

Nilimwuliza tukiwa kwenye gari tunarudi Bagamoyo, maana mimi sijui kuzunguka. Akavuta ushungi wake, akatazama nje. "Mama mdogo," akasema, "nimekwenda kuzika kwa sababu dini imeniambia nizike. Lakini kumlilia mtu aliyenikataa siwezi." Nikamwuliza nani kamkataa. Akanigeukia, akanitazama kama mimi ndiye niliyepotewa na akili. "Si ulikuwepo? Pale bustanini niligusa sikio mbele ya macho yake, akasema bado." Miaka yote hiyo nilidhani mama yake alikwisha kumwambia. Mama yake, dada yangu Zuhura, alitangulia mbele ya haki siku nyingi. Shabani ndiye huyo tumetoka kumfukia. Waliokuwa wanalijua jambo lile ni watu watatu, na wa tatu ni mimi. Basi nalisema hapa kama nilivyokuja kumwambia yeye, ila hapa nalianzia mbali kidogo, kwa kuwa mwaka ule haukuwa wa Mwanaidi peke yake. Mimi pia ulinikuta msichana ukaniacha mtu mzima.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina shule ya kwenda wala mchumba wa kunichukua, nikapelekwa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, kukaa na dada nimsaidie kupika vitumbua. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari ikipatikana mtu anajificha nayo kama ameiba. Dada alipanga vyumba viwili na ukumbi kwa bibi mmoja wa Kishirazi. Chumba cha mbele tulilala sisi watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba, Mwanaidi katikati. Cha nyuma kilikuwa cha mchele wa kuloweka, nazi, vikaango na moshi. Alfajiri nilikuwa naamka na harufu ya hiliki, na kwa ukuta wa udongo namsikia dada anasema peke yake, anahesabiana na Mungu mambo yake. Alikuwa mwepesi wa kulia, Mungu amrehemu. Sahani ikivunjika analia. Kuku akichukuliwa na kicheche analia kutwa. Sababu ya kuachwa kwake na Shabani sitaisema, kwa kuwa wote wawili hawapo wa kujitetea. Ila talaka ilitoka, eda ikaisha, hakurejewa, na siku ya kuachana wazee wa pande zote walikubaliana kwamba mtoto atakaa na mama mpaka atimize miaka saba, kisha ataenda kwa baba yake Vigwaza. Neno lilipita, fatiha ikasomwa, hakuna aliyelipinga.

Mwaka ule niliofika ndio wazee wa Vigwaza walipokuja kudai kwamba saba imetimia. Walikuja na kaka mkubwa wa Shabani, mtu mrefu wa sauti nzito, wakaketi ukumbini na mjomba wetu aliyetoka Zinga na maalim mzee wa mtaa. Mimi na dada tulikuwa chumbani nyuma ya pazia, tumekaa chini, dada ameuma pindo la kanga. Mabishano yalikuwa ya ajabu. Kwamba mtoto kazaliwa siku ya Idi wote walikubali, jina lake lenyewe linasema. Lakini Idi ipi, na ya mwaka gani, ndiyo ilikuwa kesi. Mjomba akasema ni Idi ndogo ya mwaka wa mvua zile zilizobomoa nyumba. Kaka mtu akasema hapana, mvua zile zilimkuta mtoto anatambaa. Kadi ya kliniki ilikwisha kuoza kwa paa lililovuja. Walipoanza kupandishiana sauti maalim akakohoa, akauliza: serikali ikitaka kumwandikisha mtoto shule na hana cheti, inamtazama nini? Wakamjibu kwamba inamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akifika, amekomaa. "Basi na sisi tutumie hicho hicho," maalim akasema. "Mkono ukigusa sikio, mtoto ataondoka na baba yake siku hiyo hiyo. Mpimaji awe baba mtu mwenyewe, na neno lake ndilo neno."

Wakamwita Mwanaidi hapo hapo. Alitoka uani, unga umemjaa mikononi, wakamwonyesha, akapitisha mkono utosini, akanyoosha, akanyoosha, vidole vikaishia juu ya sikio. Bado, wakasema wazee, na kaka mtu akasema kwa shingo upande. Nyuma ya pazia dada akaachia pindo la kanga na machozi yakamtoka. Kesho yake asubuhi alimkalisha mtoto baina ya magoti akamsuka mabutu mawili makubwa, moja juu ya kila sikio, ameyajaza nyuzi mpaka kichwa kikawa kipana mara mbili. Nikamwuliza mbona hivi, akasema ndio mtindo. Mtindo gani, mtaa mzima hakukuwa na mtoto wa pili mwenye kichwa kile. Nilicheka. Wiki ya pili nilipoelewa mabutu yale yanazuia nini, kicheko kilinikauka.

Shabani alikuwa seremala. Jumapili, lori likipatikana, alikuja na magari ya mkaa kupitia Mlandizi amwone mwanawe, na kwa kuwa si adabu mwanamume kuingia kwa mtalaka wake, mahali pao pa kukutania palikuwa bustani ya mjini, upande wa Boma. Kumpeleka mtoto ilikuwa kazi yangu. Dada hakutoka, lakini tangu alfajiri yuko jikoni, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, kwenye bakuli kubwa la mfuniko alilolifunga kitambaa. Chakula cha mtoto, alikuwa anasema. Mtoto gani amalize bakuli lile! Shabani alikula kwenye kiti cha saruji chini ya mijohoro, anakula taratibu, hasemi ni kitamu wala si kitamu, na kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu, alikuwa anakirudisha na karanga au ufuta au korosho za kwao. Nyumbani dada anafunua, anatazama, kisha maswali yanaanza. Kavaa nini. Kakonda au kanenepa. Shati lina vifungo vyote? Mimi najibu huku naona haya, maana nilikuwa nimejua ndoa huisha siku ya talaka.

Baada ya kula tulikuwa tunatembea. Bustani yenyewe haikuwa na la ajabu: vijia vya mchanga, maua ya asumini yasiyopogolewa, bwawa la saruji ambalo sikuwahi kuliona na maji, mzee wa kahawa na kashata zake langoni. Tulikuwa tunaizunguka yote, Mwanaidi katikati, mkono mmoja kwa baba yake, mmoja kwangu, na akitaka kuruka tunamnyanyua kwa pamoja. Watu walitusalimia kama familia moja. Mama mmoja wa ubuyu akanitania kwamba mume wangu mpole, nikaona aibu nikataka ardhi inimeze. Shabani hakuwa msemaji mkubwa, lakini kwa mwanawe maneno hayakumwisha. Alimweleza mbuzi wa Vigwaza kwa majina yao. Alimweleza kisima, na bibi yake anavyotwanga. Alimwambia atamtengenezea kitanda chake peke yake, cha mninga, chenye maua yamechongwa kichwani, na siku moja akatoa kamba mfukoni akampima kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Mwanaidi alifurahi, akaenda kumsimulia mama yake. Ewe, usiku huo hapakulalika! Mtoto mzima kupimwa kwa kamba, akafoka dada, kamba hupimwa maiti apate kuchimbiwa kaburi. Akamwogesha maji ya chumvi, akamsomea, akamfukiza ubani. Ila baada ya hasira nilimsikia anamwuliza mtoto polepole, kitanda hicho unakitaka? Na Mwanaidi, ambaye tangu azaliwe amelala katikati ya watu, akasema anakitaka.

Hilo ndilo lililokuwa likimla dada. Angekuwa mtoto anamkataa baba, ingekuwa rahisi. Lakini Mwanaidi alimpenda baba yake kupita kiasi. Kila tunapomaliza kutembea, kabla Shabani hajaondoka, walikuwa wanapima. Kwao ulikuwa mchezo. Mtoto anasimama wima, anapitisha mkono, anang'ata ulimi kwa juhudi, vidole vinagota kwenye lile butu. Shabani anatabasamu: bado kidogo, kula samaki. Sidhani kwamba hakuyaona mabutu yale. Seremala anapima kwa jicho. Aliyaona na akayaacha. Na Mwanaidi alikuwa anarudi nyumbani amenuna kwa sababu hajafika, na mama yake anampokea kwa furaha kwa sababu hajafika, na mimi niko katikati na bakuli la karanga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Mimi mwaka ule nilikuwa nauona mara mbili, kwa mama na kwa baba, na sikuwa hata na mtoto.

Mwisho wa kiangazi mapunye yakaingia mtaani. Watoto wote wa Dunda wakatoka mabaka kichwani, na la kuvunda halina ubani. Dada alijaribu mafuta ya nazi, akajaribu ndimu na kiberiti cha unga, mapunye yakazidi. Jumamosi moja alimkalisha mtoto uani akamnyoa kwa wembe. Nilikuwa nafua pembeni. Nyuzi zikaanguka, mabutu yakaanguka, kichwa kikabaki kidogo na kitupu. Mwanaidi akajipapasa, na kwa mazoea ya mchezo wao akapitisha mkono utosini. Vidole vilifika sikioni, vikalishika, vikalivuta. Akacheka, akarudia tuone. Dada alikuwa ameshika wembe. Aliuosha, akaukausha, akaufunga kwenye karatasi yake.

Jumapili hakupika. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamvisha gauni la Idi. Kisha akachukua kanga yake nzuri, akazipanga nguo zote za Mwanaidi, zile za kushindia na zile za kutokea, akafunga furushi, akanipa. "Akigusa, mpe baba yake na hili," akasema. Nikamwambia dada, tuseme mtoto anaumwa, nani atajua? Nilikuwa tayari kusema uongo wowote ule. Akatikisa kichwa, akasema fatiha ilisomwa. Alimkumbatia mwanawe kidogo tu, kama anayemtuma dukani, akamwambia awe na adabu. Hakulia. Ndipo nikaogopa kwelikweli, kwa sababu nilikuwa simjui Zuhura asiyelia.

Shabani alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti chetu. Alipokiona kichwa kile alicheka, akakipitishia kiganja, akauliza kuna nini, mtoto akamjibu mapunye. Kisha akaliona furushi kwapani kwangu, kicheko kikakatika. Akaniuliza kwa sauti ya chini nguo za nani hizo. Nikamwambia za Mwanaidi.

"Kafunga nani?"

"Dada."

"Analia?"

Nikamwambia halii. Tangu jana hajalia, hajala, hajasema la maana. Shabani akautazama mchanga uliokuwa baina ya miguu yake. Alikuwa amemuoa Zuhura akiwa kigori, anajua alivyo, na anajua mtu kama yule akinyamaza ni kitu gani. Mwanaidi hakungoja kuitwa. Alipanda juu ya kiti cha saruji akasimama wima, akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio lake lote kwa vidole vyote.

"Baba, nimefika."

Nilikuwa nimesimama karibu nao sana. Niliona anavyomtazama. Alimtazama mwanawe kuanzia vidole mpaka kiatu, taratibu, macho yamejaa maji, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kunyooka kupokea furushi. Akaurudisha gotini.

"Bado," akasema.

"Nimefika, baba. Hili hapa."

"Bado, mwanangu. Shuka twende tukatembee."

Tukatembea. Tuliizunguka bustani yote kama siku zote, ila Mwanaidi hakutoa mkono kwa mtu. Alitangulia mbele peke yake, kile kichwa kidogo kinang'aa juani, halii, haruki. Shabani akaniita kwa jina huku hatazami kwangu: "Hawa, mwambie mama yake nimepima, bado. Na ulichokiona hukukiona. Neno hili likimfikia kaka yangu atakuja kumchukua, na haki itakuwa yake, mimi sitakuwa na la kusema." Nikamwuliza, na mtoto je? Akajibu kwamba watoto husema. Tukimwambia leo, kesho atawaambia wenzake aligusa. "Akikua mtamwambia," akasema. Funika kombe mwanaharamu apite. Alipofika langoni alimshika mwanawe bega, kisha akalifuata lori lake.

Dada alikuwa amesimama mlango wa uani. Alimwona mtoto, kisha akaliona furushi. Nikamwambia kama nilivyotumwa: kapima, kasema bado. Yeye ndiye aliyemnyoa, ameona kwa macho yake mkono unafika, basi hakuhitaji tafsiri. Alilichukua furushi akaingia nalo chumbani, akakaa kitandani, akaanza kulifungua, nguo moja moja anairudisha sandukuni, na hapo ndipo kilio kilipomtoka. Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini, kidole mdomoni, anamsikiliza mama yake analia. Leo najua alikuwa anawaza nini: hata mama ananililia kwamba nimekataliwa.

Mpaka siku ile nilikuwa najua kwamba mkubwa ni yule anayepata haki yake. Nilimwona mtu haki yake imesimama juu ya kiti cha saruji inamwita baba, akaiacha, na akaondoka bila ya kushukuriwa. Hakulipiwa kwa lolote. Mwanaidi alipoandikishwa shule mwaka uliofuata habari zilifika Vigwaza, kaka mtu akaja juu, na Shabani akamjibu mbele ya wazee: mpimaji ni mimi, na mimi sijaona. Wakamcheka kwamba mtoto wake hakui. Wakasema Mama Salumu, aliyekuwa bi harusi wakati ule, ndiye aliyemkataza kuleta mtoto wa mwenzie, na Mama Salumu akaibeba lawama hiyo akanyamaza nayo. Shabani akawa anakuja kwa Idi tu, kwa sababu Mwanaidi alikuwa hataki tena kutembea naye. Anamwamkia, anapokea gauni, anakimbilia kucheza. Wazee wakafa mmoja mmoja. Mwanaharamu alikwisha kupita zamani, kombe likabaki limefunikwa. Mtamwambia, alisema, wala hakusema nani. Dada akajua nitasema mimi, mimi nikajua keshasema yeye.

Tanga lilipoanuliwa Vigwaza nilimwita Mwanaidi kwangu. Nilipika bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, tukaketi mkekani, na kabla hajanawa nikamwambia yote, furushi, fatiha, kaka mtu, neno kwa neno. Nilimwambia pia kuhusu mkono wa baba yake ulivyonyooka na ulivyorudi. Alinisikiliza ametazama chakula. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Aliona kwamba nimefika?"

"Aliona, mwanangu. Aliona kabla hujasema."

Kwanza ulimtoka mguno, kisha kilio, kilio cha kufiwa, cha kujitupa chini, mwanamke wa umri ule anaita baba, baba, mpaka bakuli likapinduka na mimi nikashindwa kumshika. Jirani yangu Bi Kidawa akaja mbio kutoka kwake, mikono imejaa kinyunya cha mandazi, na nyuma yake wengine wawili. Akasimama mlangoni anahema, akaniuliza nani tena jamani, nani kafa. Nikamwambia baba yake Mwanaidi.

Bi Kidawa akanitazama. "Si mlishamzika wiki iliyopita?"

"Tulimzika," nikamwambia. "Yeye amefiwa leo."

Bi Kidawa akajifuta mikono kwenye kanga yake, akaingia, akakaa mkekani, akamlaza Mwanaidi kichwa mapajani mwake, na wale wengine wakakaa.